Mjadala: Mchungaji akiondoka, mimbari ni ya mwanawe?

Mtunza daftari la sadaka, Igoma:

Wakuu, naomba tuzungumze jambo ambalo huku kwetu Mwanza watu wanalisema jikoni na kwenye daladala, lakini likifika kwenye kikao kila mtu anaangalia viatu vyake. Mwanzilishi wa kanisa akizeeka au akifariki, nani ashike nafasi yake? Mwanawe? Msaidizi aliyekaa naye miaka yote? Au washirika wapige kura?

Nianze na nililoliona kwa macho yangu. Kanisa lililonilea lilianzia chini ya mwembe, kwa ngoma moja na Biblia moja. Tukapata mabati, baadaye tofali, baadaye spika. Daftari la sadaka nilikabidhiwa nikiwa na miaka 22. Mzee wetu alipoanza kuugua hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za kesho, maana kuuliza kulionekana ni kumtakia kifo. Akafariki siku ya Alhamisi. Jumamosi, jeneza likiwa mbele ya madhabahu, niliingia chumba cha nyuma kutafuta ufunguo wa sanduku la sadaka ili tufungie rambirambi. Ufunguo ule siku zote ulikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kijivu. Koti nililikuta msumarini pake. Mfuko ulikuwa umepinduliwa nje, kitambaa chake cheupe kinaning'inia, na ufunguo haupo.

Sikumuuliza mtu. Nilikaa pale kwenye kiti cha marehemu nikalia, na mpaka leo sijui nilikuwa namlilia yeye au kanisa.

Haukupita mwezi tukawa na ibada mbili kwa saa ileile. Mtoto wa marehemu alikuwa ndani ya jengo, msaidizi wake chini ya mwembe uleule wa mwanzo, na spika zinashindana mpaka watoto wanaziba masikio. Dada na kaka wa tumbo moja walikuwa wanapishana getini bila salamu.

Sasa msimamo wangu. Mrithi apatikane kwa damu au kwa kura, hilo halinisumbui kama linavyowasumbua wengi. Kinachobomoa nyumba ya Mungu ni siri. Chukueni mwaka 2025 peke yake. Februari 4 alifariki Aga Khan wa Nne, Karim, na kesho yake wosia ukafunguliwa: imamu wa 50 wa Waismailia, dhehebu la Waislamu wa Kishia, ni mwanawe Rahim. Aprili 21 akafariki Papa Fransisko, na Mei 8 makardinali wakamchagua Leo wa Kumi na Nne. Huku wosia wa mzazi, kule kura za kufungiwa ndani, na pote waumini walizika wakarudi kwenye ibada zao, kwa sababu kanuni waliijua kabla ya msiba. Hata huo wosia haumfuati mtoto kwa lazima. Mwaka 1957 Aga Khan wa Tatu alimruka mwanawe Aly, akamtaja mjukuu wake Karim, kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado mwanafunzi. Wakampokea, na Oktoba mwaka huohuo akasimikwa Dar es Salaam.

Kwa hiyo nasema mchungaji amtaje mrithi wake angali hai, mbele ya washirika wote, utaratibu uandikwe kwenye katiba ya kanisa, na siku moja moja yeye mwenyewe akae benchi amsikilize huyo mrithi akihubiri. Asiyekubali aje tuzungumze.

Mzee wa kanisa, Sengerema:

Binti yangu, pole kwa msiba, na pole zaidi kwa yaliyofuata. Lakini mtoto wa mchungaji mnamwonea. Mtoto wa mvuvi hafundishwi upepo darasani, anaamka nao. Huyu amemwona baba yake akipiga magoti saa tisa za usiku, amelala njaa ili mgeni ale, anajua mshirika gani anaumwa kweli na yupi anadanganya. Msaidizi anaijua ibada ya Jumapili. Mtoto anajua Jumatatu mpaka Jumamosi.

Na sisi Wasukuma jambo hili hatukuletewa na kanisa. Ufumu, yaani uganga wa jadi, kwetu hutembea ndani ya ukoo. Masamva, yaani roho za waliotangulia, ndiyo yanayomwita mtu ashike kazi ya babu yake. Mtu anaweza kukimbilia mjini, akaugua, akahangaika hospitali zote, mpaka aambiwe kuna kazi ya babu aliyoiacha chini. Kwa hiyo muumini akimwona mtoto kwenye nafasi ya baba moyo wake unatulia. Msilifanye hilo kuwa dhambi.

Halafu hilo la kutaja jina mapema ni hatari. Ukimtaja mrithi leo umemtengenezea maadui wa miaka kumi. Na wewe mwenyewe mzee, kuanzia siku hiyo watu wanakusalimia wakimtazama yeye. Nimesema hilo nikiwa na miaka 68, nalijua ninalolisema.

Mwalimu wa madrasa, Kirumba:

Assalaam alaykum. Naingia ingawa mada imeanzia kanisani, maana na sisi maradhi haya tunayo. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipochomwa jambia, watu walimshauri amwachie ukhalifa mwanawe Abdullah, mtu mchamungu asiye na doa. Akakataa. Akateua watu sita washauriane wao kwa wao, akasema Abdullah atahudhuria kutoa rai lakini hatachaguliwa. Jeraha lilikuwa linamtoa roho, na bado alipanga utaratibu kabla hajafumba macho.

Mwalimu aliyenifundisha mimi hakupanga. Alisomesha watoto miaka mingi kwenye kibanda kilichosimama kwenye kiwanja chake, akisema kwa mdomo kuwa ni wakfu. Wakfu wa mdomo. Alipofariki warithi wakagawana kwa haki kabisa kisheria, kiwanja kikauzwa, na leo pale pana duka la vifaa vya ujenzi. Wanawe siwalaumu, hakuna karatasi waliyoivunja.

Mkatoliki, Bugando:

Kwetu askofu akitimiza miaka 75 anaombwa aandike barua ya kung'atuka, Papa ndiye anaamua. Askofu Mkuu wetu wa Mwanza, Ruwa'ichi, alipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 2018, tulikaa miezi mpaka Renatus Nkwande, aliyekuwa Bunda, alipoteuliwa mwaka 2019. Misa hazikusimama na hakuna aliyebeba ufunguo. Ila msituonee wivu sana, maana sisi walei kwenye kumchagua askofu sauti yetu ni ndogo.

Mtoto wa mchungaji, Nyegezi:

Nimesoma yote na nimesita kuandika.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Nilikuwa nafungua mashine mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, tangu alfajiri, mikono imejaa grisi, na kazi ile naipenda. Jumapili moja baba aliniita mbele bila kuniambia kitu nyumbani. Akanimwagia mafuta kichwani, akaniwekea mikono, akatangaza. Watu wakapiga vigelegele. Ningekataa vipi, mama yangu analia kwa furaha mstari wa mbele? Nikapiga magoti. Mafuta yaliniingia jichoni, na watu wakadhani ninalia kwa upako.

Sasa ni mwaka wa nne nahubiri. Nikihubiri vizuri wanasema ni nyota ya baba. Nikikosea wanasema nimerithi kiti bila wito. Dada mtunza daftari anasema mrithi atajwe hadharani, na mimi nilitajwa hadharani kabisa! Ongeza na hili kwenye katiba yako: anayetajwa aulizwe kwanza, peke yake, chumbani, na akisema hapana iwe hapana. Musa alikuwa na wana wawili, Gershomu na Eliezeri. Mungu alipomwonyesha mrithi akamwonyesha Yoshua mwana wa Nuni, na wale wawili hawakulazimishwa kubeba fimbo ya baba yao.

Mama mchungaji, Buhongwa:

Wanangu, mnazungumza vizuri lakini mnazunguka. Ngoja niseme mimi.

Mume wangu ana miaka 71. Mkono wa kulia unatetemeka, kikombe cha meza ya Bwana anakishika kwa mikono miwili na mimi namuomba Mungu kisimwagike. Anajua wakati umefika. Usiku ananiambia. Asubuhi anavaa suti anakwenda.

Mnajua kwa nini haachii? Nyumba tunayolala ni ya kanisa. Hana pensheni, hana shamba, maisha yake yote alikula zaka na sadaka za watu. Siku akimkabidhi mtu baki, huyo mtu ana mke na watoto na atahitaji nyumba ileile. Mimi na huyu mzee twende wapi? Akimkabidhi mwanetu, tutahamia chumba cha nyuma na maisha yataendelea. Hapo ndipo penye hesabu. Watu wanasema tumegeuza kanisa mali ya familia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza tutalala wapi.

Mtunza daftari la sadaka, Igoma:

Mama, nimeisoma mara tatu. Mwaka mzima nimemkasirikia mtu aliyechukua ufunguo, na kumbe katika daftari langu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa "akiba ya mzee". Tulichangia spika, zulia, gari la kwaya. Kwa mwandiko wangu. Naona aibu, na ninabadilisha mpangilio wa hoja yangu: kabla ya kumuuliza mzee jina la mrithi, kanisa limwambie atalala wapi na atakula nini.

Njia zipo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea michango ya waliojiajiri, kwa hiyo kanisa linaweza kumchangia mchungaji wake kila mwezi kuanzia siku anayosimikwa. Kiwanja cha kanisa kiandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na mchungaji ajengewe chumba na sebule kwenye kiwanja chenye jina lake yeye. Hivyo viwili visichanganywe. Mkivichanganya ndipo mtoto anadai kanisa akidhani anadai nyumba ya baba, na washirika wanamfukuza mjane wakidhani wanalinda kanisa. Katiba mliyopeleka kwa Msajili wa Vyama ifunguliwe, isomwe kwa sauti. Yetu ilikuwa na kifungu cha kumpata mwenyekiti wa kwaya. Cha kumpata mchungaji hakikuwemo. Na Mwalimu, RITA hiyohiyo inaandika na kutunza wosia, aliyebaki na wakfu wa mdomo awahi.

Mdogo wangu wa Nyegezi, nakubali, aulizwe kwanza chumbani. Wewe hujachelewa kuulizwa. Kama mzazi wako yu hai, mwendee.

Mzee wa Sengerema, shikamoo. Kuhusu hatari ya kutaja mapema, kumbuka mfalme Daudi. Alinyamaza mpaka damu yake ikapoa kitandani, na siku hiyo mwanawe Adoniya alikuwa amekwisha kuchinja kondoo pale En-rogeli akijifanya mfalme. Ilibidi Bathsheba na Nathani wakimbilie chumbani kwa mgonjwa ndipo Sulemani atajwe. Kunyamaza hakukumpunguzia Sulemani adui, kulimpa Adoniya muda. Na kuhusu mtoto kujua Jumatatu mpaka Jumamosi, wana wa Samweli walizijua pia, wakala rushwa Beer-sheba. Hapa hapa Mwanza tulimzika Askofu Moses Kulola, mwanzilishi wa kanisa la kipentekoste la EAGT, aliyefariki Agosti 2013. Aliyeliongoza kanisa lile baada yake ni Brown Mwakipesile, wala hakuwa mwanawe. Na kwenye ufumu, baba, si masamva yenyewe ndiyo yanayochagua? Yanaweza kumpita mtoto wa kwanza yakamshika binti wa mwisho, na huyo aliyeshikwa anakwenda kukaa kwa mwalimu afundishwe kazi. Hata huko damu peke yake haitoshi.

Mzee wa kanisa, Sengerema:

Marahaba. Nyumba ya mzee na mkewe nakubali, na Jumapili nitaiweka mezani kwenye baraza letu, maana na sisi tuna mchungaji wa miaka 74 na sijui analala kwenye kiwanja cha nani. La masamva umenibana kidogo.

Kutaja jina hadharani bado sikubali, na kumtaja Adoniya hakujanitosha. Njoo Sengerema tuongee uso kwa uso, siku hizi daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, husubiri kivuko. Uje na hiyo katiba yenu yenye kifungu cha kwaya. Mama wa Buhongwa naye aje kama mzee wake anaweza kubaki na mtu.

Mama mchungaji, Buhongwa:

Nitakuja naye. Atafurahi kukaa mahali ambapo hatakiwi kuhubiri.