Shina la pilipili manga: vifungu vya mirija vimetawanyika, je, ni monokotiledoni?

Kotiledoni2
Habari wakuu. Naandaa slaidi za kulinganisha mashina. Maharage, ambayo ni dikotiledoni (mbegu ina kotiledoni mbili, yaani majani ya kwanza ya mche), yametoka vizuri: vifungu vya mirija inayosafirisha maji na chakula vimejipanga kwenye duara moja. Mahindi nayo, ambayo ni monokotiledoni (kotiledoni moja), vifungu vimetapakaa shina zima. Pilipili manga (Piper nigrum) ndiyo inayonitatiza. Jani ni pana na lina mishipa ya wavu kama la dikotiledoni, lakini ndani ya shina kuna vifungu pembeni na vingine katikati. Halafu nikitia rangi ya toluidini bluu, kila kitu kinageuka bluu nzito na siwezi kutenganisha zailemu (tishu ya kusafirisha maji) na floemu (ya kusafirisha chakula). Nimekosea kukata, au mmea huu si dikotiledoni?

Wembe_Mkali
Mkuu, kwanza hakikisha umekata kwenye pingili (kati ya vifundo), si kwenye kifundo (panapotokea jani). Kifundoni vifungu vinachepuka kwenda kwenye jani na tawi, kwa hiyo hata shina la maharage likikatwa hapo linaweza kukudanganya. Pilipili manga ina vifundo vilivyovimba, ni rahisi kuviepuka.

Chukua shina changa lenye kipenyo cha milimita 3 hadi 5, ukate kipande cha sentimita 3. Libane ndani ya kipande cha karoti kilichopasuliwa, lowesha wembe mpya kwa maji, kisha uvute wembe kwa mshazari kuelekea kwako kwa mkupuo mmoja. Usiukandamize. Ukikandamiza, tishu laini za parenkaima zinapondeka huku sklerenkaima ngumu ikibaki, na kipande kinachanika hapo hapo zinapokutana. Wembe ukienda upande, mirija itaonekana mviringo wa yai na kuta zake zitaonekana nene kuliko zilivyo.

Kata vipande vingi, viache vielee kwenye maji, uchague vile vinavyopitisha mwanga. Kipande si lazima kiwe duara kamili. Robo yenye ukingo mwembamba inafaa kuliko duara zima lililo nene.

Bluu nzito yako inatokana na unene wa kipande, au rangi kali mno, au vyote viwili. Gramu 0.05 za toluidini bluu kwa mililita 100 za maji zinatosha. Zamisha kwa sekunde 30 hadi 60, kisha suuza hadi maji yasitoke rangi tena. Hatua hii ya kusuuza ndiyo watu wanairuka. Kuta zenye lignini (kitu kinachozifanya ngumu), yaani zailemu na sklerenkaima, zitakuwa bluu ya kijani. Parenkaima, kolenkaima (tishu ya kuimarisha shina changa) na floemu zitakuwa zambarau. Shusha kifuniko cha slaidi polepole kikiwa kimeinama, maana viputo vya hewa vyenye ukingo mweusi huwa vinadhaniwa kuwa seli. Anza na lenzi ya 4, kisha 10; ya 40 ni ya kukagua kifungu kimoja kimoja.

Mti_wa_Ukoo
Ukikata vizuri bado utaviona vya katikati, kwa sababu ndivyo Piper ilivyo. Kuna duara la vifungu vya nje, kisha ukanda wa sklerenkaima unaopindapinda, halafu vifungu vya ndani.

Kosa liko kwenye kanuni yenyewe ya "vifungu vikitawanyika, basi ni monokotiledoni". Tangu uainishaji wa APG (kundi la wanabotania wanaoainisha mimea ya maua) wa mwaka 1998, uliojengwa zaidi juu ya ulinganisho wa DNA, zile "dikotiledoni" za zamani hazihesabiwi tena kuwa kundi moja la ukoo. Pilipili manga imo kwenye magnolidi (kundi jingine la mimea ya maua), oda ya Piperales, nje ya dikotiledoni halisi ambako maharage yamo. Yungiyungi pia lina vifungu vilivyotawanyika, na liko nje ya makundi yote hayo mawili. Muundo wa shina ni ushahidi mmoja tu. Hata Dracaena, ambayo ni monokotiledoni, shina lake hunenepa kwa tishu za ukuaji wa pili, jambo ambalo monokotiledoni nyingi hazina.

Kotiledoni2
Nimekata upya kwenye pingili na ukanda unaopindapinda nimeuona, asanteni. Sasa kwa mtu mwenye hadubini ya kawaida, bila DNA, anaitenganishaje na monokotiledoni? Nihesabu petali?

Mti_wa_Ukoo
Petali hazitakusaidia hapa, ua la Piper halina petali wala sepali. Otesha mbegu: zitatoka kotiledoni mbili. Kisha kagua vifungu vya nje kwa lenzi ya 40. Kati ya zailemu, iliyo upande wa ndani, na floemu, iliyo nje, tafuta safu za seli bapa zenye kuta nyembamba. Hiyo ni kambiamu (tishu inayozalisha zailemu na floemu mpya), ambayo vifungu vya mahindi havina kabisa. Shina likiwa changa mno utaikosa, kwa hiyo kata pia pingili iliyo chini zaidi.

Chavua itumie kwa uangalifu. Ya dikotiledoni halisi kwa kawaida ina matundu matatu. Ya Piper ina tundu moja, kama ya monokotiledoni nyingi. Kwa hiyo chavua itakuonyesha kwamba pilipili manga haiko pamoja na maharage, lakini haitaitenga na mahindi. Kazi hiyo waachie kotiledoni na kambiamu.

Wembe_Mkali
Nyongeza ndogo: kambiamu huchanika kirahisi kwa sababu kuta zake ni nyembamba. Ukiona mwanya mweupe kati ya zailemu na floemu, badilisha wembe na ukate tena kabla ya kuandika kwamba haipo.