Acheni kuwatisha kina Asiya, jina lao halina kosa lolote!

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, tena hasira kwelikweli.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu. Jamaa kavaa kanzu, anafoka, anasema kila mwanamke anayeitwa Asiya abadilishe jina haraka kwa sababu Mtume (S.A.W.) alilikataa. Binti wa dada yangu anaitwa hivyo. Klipu katumiwa na shangazi mtu, na chini yake kaandikiwa: "Ndiyo maana mambo yako hayaendi. Badilisha jina." Mtoto wa watu kalia usiku kucha, asubuhi anamuuliza mama yake kwa nini alimpa jina la laana.

Nyie mnaosambaza, mmewahi kuliona jina hilo likiandikwa kwa Kiarabu?

Hadithi ipo, na ni sahihi, kaipokea Imam Muslim katika kitabu chake cha hadithi. Binti wa Umar bin Khattab alikuwa akiitwa Aaswiya, Mtume akamwita Jamila. Lakini jina lile linaanza kwa herufi ya Kiarabu ayn, na katikati lina swad. Maana yake ni mwanamke muasi, na mzizi wake ndio uliotupa sisi asi, uasi na maasi. Asiya ya binti yetu ni jina la mke wa Firauni, nalo linaanza kwa alifu, kisha sin. Huo ni mzizi mwingine kabisa: wanazuoni wa lugha wanautaja katika kutibu na kuliwaza, na neno hilohilo hutumika pia kwa nguzo inayobeba jengo. Tukiandika kwa herufi za Kilatini yote mawili yanageuka Asiya, basi mtu asiyejua sin wala swad anashika simu na kutoa fatwa!

Wengine nimewasikia wakisema, "Aah, hata hivyo ni jina la mke wa kafiri." Subhanallah. Fungueni Surat At-Tahrim. Aya ya 10 inawataja wake wa Nuhu na Lut, waliolala nyumba moja na Mitume na wasinufaike na chochote. Aya ya 11, papo hapo, Mwenyezi Mungu anawapigia mfano walioamini kwa mke wa Firauni, aliyeomba: Mola wangu, nijengee nyumba kwako Peponi. Qur'ani haikumtaja kwa jina. Jina tumelipata kwa Mtume mwenyewe, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, alipowataja Asiya mke wa Firauni na Maryam binti Imran kuwa ndio wanawake waliofikia ukamilifu. Sasa Mtume alisifu jina akiwa analikataza? Na ni mwanamke huyohuyo aliyesema kuhusu Musa mchanga, "Msimuue" (Al-Qasas, aya ya 9), mbele ya mtu aliyekuwa akichinja watoto wa kiume.

Sisemi kwamba jina si kitu. Hazn (yaani mgumu), babu yake mwanazuoni Said bin al-Musayyib, aliambiwa na Mtume ajiite Sahl (yaani mwepesi), akagoma kuacha jina alilopewa na baba yake, na Said akawa anasema ule ugumu haukuwatoka katika ukoo wao. Jina lina uzito. Kwa hiyo anayelizungumzia lazima awe amesoma, si kuokota hadithi nusu na kuwavuruga watoto wa watu.

Na hili la kumfungia binti riziki na ndoa kwa sababu ya jina ni ushirikina uliovalishwa kilemba. Shangazi mtu, kama unasoma hapa, mpigie mtoto umwombe radhi. Aliyerekodi klipu aifute, kisha arudi palepale aseme alikosea, kwa sauti ileile ya kufoka.

Mwenye mashaka na jina la mwanawe aende kwa shekhe aliyesoma, aliandike kwa Kiarabu, aulize. Na ukiiona klipu hiyo kwenye grupu lako, usinyamaze, weka At-Tahrim aya ya 11 chini yake.