Mteremko mkali nyuma ya kanisa: zirotani, ya kusimama au ya kusukuma?

Kibarua_Pittsburgh
Salaam wakuu. Nimepata mkataba wa kukata nyasi kwenye kanisa moja hapa Pittsburgh, na wanaoujua mji huu wanajua vilima vyake. Mbele ni tambarare, hakuna tatizo. Nyuma uwanja unashuka hadi kwenye ukuta wa mawe, na ng'ambo ya ukuta kuna kijito. Nimepima kwa simu: juu ni kama digrii 10, katikati 14, karibu na ukuta inafika 18. Mashine niliyonayo ni zirotani (zero-turn, mashine ya kukata nyasi inayoweza kugeuka papo hapo) ya kukalia, ya upana wa inchi 52, ile ya vishikio viwili. Nina njia tatu kichwani: niitumie hiyo hiyo kwa uangalifu, ninunue iliyotumika ya kusimama, ile unayoiendesha ukiwa umesimama nyuma yake, au nichukue ya kusukuma yenye injini. Mnanishauri nini? Kazi inaanza Aprili.

Fundi wa Louisville
Ndugu, umefanya vyema kupima kwanza. Wengi hukadiria kwa macho, na macho hudanganya ukiwa umesimama juu ukitazama chini.

Nakueleza kwa upande wa ufundi. Zirotani kama yako haina usukani wala breki ya mguu kama gari. Kila tairi la nyuma lina pampu na mota yake ya haidroli, na hizo mbili ndizo zinazosukuma, zinazogeuza na zinazopunguza mwendo. Yale magurudumu madogo ya mbele hujizungukia tu. Kwa hiyo tairi la nyuma likiteleza, umepoteza kugeuka na kusimama kwa wakati mmoja. Breki ya kuegesha haikusaidii, maana inafunga tairi lile lile ambalo limeshaacha kushika ardhi.

Ukishuka, uzito unahamia mbele na tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, hapo ndipo mashine inaanza kuserereka. Ukipanda ukitanguliza mbele, uzito unarudi nyuma na pua inainuka. Watengenezaji wengi wanaandika digrii 15 kuwa mwisho, na wengine 10. Hiyo ni kwa ardhi kavu na imara. Kwa hiyo sehemu yako ya chini, yenye digrii 18 na ukuta mbele yake, iondoe kabisa kwenye hesabu ya zirotani.

Njia_ya_Shamba
Mimi nina zirotani Tennessee na napanda mahali pakali kuliko hapo bila shida, tairi zikiwa na kashata nzuri. Cha muhimu ni kwenda polepole na kulijua eneo lako.

Fundi wa Louisville
@Njia_ya_Shamba, kaka, sikatai kwamba umepita salama. Ila kashata haziondoi umande, wala shimo la mnyama lililofichwa na nyasi, wala majani mabichi yaliyokatwa ambayo tairi linakanyaga kwenye mzunguko wa pili. Tairi linalokwenda upande wa juu wa mteremko limeshapungukiwa uzito. Likiingia kwenye kitu kimoja kati ya hivyo, muda wa kufikiri haupo. Na kwa mwenzetu, chini hakuna uwanja wa kuishia. Kuna ukuta na maji.

Dada Maua, Maryland
Nami natumia ya kusimama, kwa hiyo nijibu upande huo. Faida yake kubwa ni kwamba uko nyuma ya mashine kwa miguu yako, hujafungwa kwenye kiti. Unaweza kuegemea upande wa juu kubadilisha uzito, na ikianza kuteleza unaachia na kushuka nyuma. Pia naona ardhi mbele ya visu vizuri zaidi. Lakini usinunue ukidhani umenunua ruhusa ya kupanda mlima: nayo ni tairi mbili za kusukuma na magurudumu ya kujizungusha mbele, na kitabu cha yangu kinasema digrii 15 vile vile. Kwa digrii 14 zako ningeichagua hiyo kuliko ya kukalia. Kwa 18, hapana.

Kibarua_Pittsburgh
Asanteni sana. Swali jingine: hiyo sehemu ya kati nikate kwa kwenda juu na chini, au kwa kukatiza?

Fundi wa Louisville
Hapa watu hugombana kwa sababu vitabu vyenyewe havikubaliani. Mtengenezaji mmoja anataka juu na chini, mwingine anataka kukatiza. Fuata kilichoandikwa kwa modeli yako, usifuate video ya mtu mwenye mashine nyingine. Ukikatiza, pua itataka kushuka, kwa hiyo kishikio cha upande wa chini kitahitaji kusukumwa kidogo zaidi. Geukia juu kwenye sehemu isiyo kali, taratibu, usizungushe papo hapo ukiwa mteremkoni. Usianze kuondoka wala kusimama ghafla katikati. Ikianza kuserereka, zima visu, elekeza mashine moja kwa moja chini, shuka nayo polepole. Usivute vishikio kwa hofu.

Acha pia nafasi ya upana wa mashine mara mbili kutoka kwenye ukingo wowote. Kwa inchi 52 hiyo ni zaidi ya mita 2.6. Na kama una mfuko wa kukusanyia nyasi nyuma, uvue, maana ukijaa unabadilisha uzito wote.

Mzee wa Tigoni
Nimesoma kwa makini kutoka huku Limuru. Huku mashine za kukalia ni chache, miteremko tunaikata kwa mashine ya kuvaa mabegani yenye uzi au kisu, na kwenye mabonde kabisa bado slasha inafanya kazi. Nyasi zetu za kikuyu ni nene na asubuhi kuna ukungu, kwa hiyo vijana wangu hawaanzi mpaka jua likaushe. Wanakatiza mteremko, mguu mmoja juu mwingine chini, buti zenye meno. Anayesimama chini ya mwenzake nampigia kelele siku hiyo hiyo.

Kijana, hiyo ya kusukuma pia soma kitabu chake, nyingi zimeandikwa digrii 15. Nayo ukatize, usipande na kushuka, kwa sababu mguu ukiteleza unaingia chini ya visu. Usiivute kuja kwako.

Dada Maua, Maryland
Shikamoo mzee. Umenikumbusha jambo: je, hizo digrii 18 lazima ziwe nyasi? Mimi ningezungumza na wazee wa kanisa wapande mimea inayotambaa, inayoshika udongo. Wawaulize watu wa kilimo wa jimbo ni ipi inafaa. Ila wasipande krauniveti (crown vetch). Hapo jimboni kwenu Pennsylvania waliipanda sana kwenye kingo za barabara, sasa inasambaa na kufunika mimea mingine.

Mashine za miteremko mikali zipo. Ventrac ya Ohio, yenye tairi pacha, inakubaliwa hadi digrii 30, na Spider ya Ucheki inaendeshwa kwa rimoti ukiwa umesimama mbali. Lakini ni fedha nyingi mno kwa kanisa moja, labda ukodi.

Kibarua_Pittsburgh
Nimewaelewa. Juu na mbele nitapita na zirotani. Katikati natafuta ya kusimama. Chini ni mashine ya uzi mwaka huu, nami nitaandika upya bei ya sehemu hiyo kwa sababu inakula muda. Habari ya mimea nitaipeleka kwa kamati Jumapili. Fundi, moja la mwisho: juu kuna miti ya matawi mafupi, ile fremu ya kukinga nikipinduka inagonga matawi. Naikunja?

Fundi wa Louisville
Fremu ikiwa imesimama, funga mkanda kila mara. Ukiikunja usifunge mkanda, maana mashine ikipinduka itakubana chini yake. Na ikiwa imekunjwa, usiende mteremkoni hata kidogo. Kwa digrii 10 chini ya miti, omba ruhusa ukate hayo matawi kabla ya Aprili, fremu ibaki imesimama.