Betri za AGM kwenye Hiace ya kulala safarini: ziwe ngapi, na zichajiwe vipi kwa joto la Dodoma?

ZabibuHombolo

Wakuu, heshima kwenu.

Tunageuza Toyota Hiace ya dizeli iwe gari la kulala. Makazi ni Dodoma mjini, safari ni Kondoa kwenye michoro ya Kolo, Mtera, na mara mojamoja Ruaha kupitia Iringa. Gari linaweza kusimama siku mbili tatu bila kuwashwa.

Vitakavyokula umeme: friji ya kompresa ya lita 40 (imeandikwa W 45), taa nne za LED za W 3, feni ndogo, pampu ya maji, simu mbili na kompyuta mpakato moja. Juu ya bodi inaenea paneli ya W 200. Tumechagua AGM (betri zilizofungwa, asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) kwa kuwa betri zitakaa humohumo tunamolala, na hatutaki asidi imwagike gari likirushwa kwenye makorongo.

Naomba kujua: betri moja ya Ah 100 (ampia-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) inatosha au ziwe mbili? Alteneta peke yake itazijaza? Kuna fundi mwenye chaja kubwa ya gereji, ya betri za malori, anasema inachaji betri yoyote, ni kweli? Na dukani nitajuaje kuwa betri haijachokea kwenye rafu?

Volti_Makole

Mkuu, piga kwanza hesabu ya siku moja. Friji ya W 45 inavuta karibu A 4 kompresa ikizunguka. Oktoba na Novemba hapa mchana unafika nyuzi 31, na ndani ya gari ni zaidi, kwa hiyo usihesabu kwamba kompresa itazunguka theluthi ya muda. Weka karibu nusu. Hapo ni Ah 45 kwa saa 24. Taa zote kwa saa 4 ni Ah 4, feni usiku kucha Ah 5, simu na kompyuta Ah 8, pampu Ah 1. Jumla Ah 63.

AGM ukitaka ikae miaka, usiishushe chini ya nusu. Ah 100 moja inakupa Ah 50 za kutumia, yaani haimalizi hata siku moja bila jua. Mbili zinakupa Ah 100. Paneli ya W 200 iliyolala bapa juu ya bati lenye joto na vumbi haitoi W 200. Hesabu W 140 hadi 150 jua likiwa kali, na kwa siku nzima Ah 50 hivi zinazoingia kwenye betri. Kiangazi utapungukiwa Ah 10 hadi 15 kwa siku, siku tatu unazimudu bila wasiwasi. Masika ya huku, Januari hadi Machi, mawingu yakitanda unaweza kupata theluthi tu ya hizo, na hapo ndipo betri ya pili inapookoa nyama iliyomo kwenye friji.

Chukua mbili za Ah 100. Moja ya Ah 200 inafanya kazi ileile, ila ina uzito wa kilo 60 na kuipitisha mlangoni ni kazi ya watu wawili.

Ukisoma lebo, angalia Ah imepimwa kwa saa ngapi. C20 maana yake imemalizwa kwa saa 20, C100 kwa saa 100. Betri inayojiita 100 kwa C100 inaweza kuwa 85 au 90 tu kwa C20. Linganisha C20 kwa C20, la sivyo utanunua betri ndogo ukidhani umepata bei nafuu. Pia epuka AGM za magari yanayojizima kwenye foleni na kujiwasha. Hizo ni za kupigia stata, sahani zake ni nyembamba, friji itazimaliza mapema. Unataka ya kushuka na kupanda chaji, ya sola.

Zikiwa mbili sambamba, zitoke kampuni moja, aina moja, tarehe moja. Waya wa chanya unaokwenda kwenye matumizi utoke betri ya kwanza, wa hasi utoke betri ya pili. Ukitoa zote mbili betri moja, hiyo ndiyo itakayofanya kazi zaidi na kufa kabla ya mwenzake. Vipande vya kuziunganisha viwe mm² 25, urefu sawa, na kila betri iwe na fyuzi yake kwenye chanya.

NyukiManyoni

Nakubaliana na mbili. Ila niseme wazi: AGM nyingi zinazotupwa hazikuuawa na udogo, ziliuawa na chaji. Ama hazikuwahi kujaa, ama zilichemshwa.

Chaji ya AGM ina hatua tatu. Kwanza chaja inasukuma ampia zote ilizonazo hadi volti zifike juu. Kwa Ah 200, A 20 hadi 40 ni sawa, zaidi ya hapo uwe umesoma karatasi ya mtengenezaji. Pili, volti zinashikiliwa 14.4 hadi 14.7 huku ampia zikishuka zenyewe. Tatu, zikishuka hadi A 2 hadi 4 kwa betri zako mbili, chaja inateremka hadi volti za kutunza, 13.5 hadi 13.8.

Hatua ya pili ndiyo watu wanaikatiza. Asilimia 80 ya kwanza inaingia haraka, ile 20 iliyobaki inadai saa 4 au zaidi, na huwezi kuiharakisha kwa chaja kubwa. Betri inayoishia 80 kila siku inajenga salfati ngumu kwenye sahani. Baada ya miezi kadhaa inakuwa inajaa upesi na kuisha upesi, mwenye gari anadhani chaja imekuwa nzuri, kumbe nafasi ndani imepungua. Angalau mara moja kwa wiki ijae kabisa.

Sasa joto. Hizo volti ni za betri yenye nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo toa volti 0.024. Betri ikiwa na nyuzi 40, zidisha 15 kwa 0.024, unapata 0.36, kwa hiyo 14.6 inakuwa 14.24. Juni usiku Dodoma ikishuka hadi nyuzi 15, inapanda hadi 14.84. Chaja au kontrola (kidhibiti cha chaji ya sola) isiyo na waya wa kupima joto haijui lolote kati ya haya. Nunua yenye kihisio, ukibandike ubavuni mwa betri kwa gundi au utepe, katikati ya kimo, si kwenye ukuta wa gari.

Chaja ya gereji usiiruhusu iguse. Nyingi ni transfoma na daraja la dayodi tu, hazina breki. Ukiisahau usiku inapanda hadi 16. Betri ya maji ingechemka, ungeongeza maji, maisha yanaendelea. AGM ikichemka, vali zinafunguka, unyevu unatoka kwenye mkeka wa nyuzi za kioo, na hakuna pa kuurudisha. Vivyo hivyo kitufe cha "kufufua betri" kwenye chaja za kisasa, kinachopandisha hadi 15.8 au 16, usikibonyeze.

Ukirudi mjini, chomeka chaja ya hatua tatu ya A 20 kwenye umeme wa TANESCO usiku kucha. Hiyo ndiyo chaji ya wiki inayomalizia.

NjiaYaMtera

Nijibu la alteneta. Hiace za zamani zinatoa 14.0 hadi 14.3 pale kwenye alteneta. Pima tena nyuma kitandani, utakuta habari nyingine. Chukua waya wa mm² 6, mita 5 kwenda na 5 kurudi, upitishe A 30: unapoteza volti 0.87. Betri inaona 13.3 na haitajaa hata uendeshe hadi Singida na kurudi. Kwa mm² 16 unapoteza 0.33, kwa mm² 25 ni 0.21.

Rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme) ya kuunganisha betri ya mbele na za nyuma ni rahisi, lakini haiongezi volti zilizopotea wala haijui hatua tatu. Weka chaja ya betri kwa betri ya A 30, ya kutoka volti 12 kwenda 12. Inapokea hata 13 na kutoa 14.4 safi. Kuingiza itavuta A 35 hadi 37, kwa hiyo waya mm² 16, fyuzi ya A 50 karibu kabisa na betri ya mbele, na fyuzi nyingine karibu na betri za nyuma. Watu husahau hii ya pili. Waya ukikatwa na bati katikati, betri za nyuma ndizo zitakazouchoma.

Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160, utaingiza Ah 60 hivi. Ni chaji nzuri ya hatua ya kwanza. Ya kumalizia iachie sola au TANESCO.

Waya ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona rangi ya shaba juu na weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa, rudisha.

Betri zisikae kwenye injini. Kila nyuzi 10 juu ya 25 maisha yanapungua karibu nusu. Ziweke sakafuni chini ya kitanda, upande usio na bomba la moshi, zifungwe kwa chuma na boti, kwa sababu kila moja ina kilo 30. Sanduku lisizibwe kabisa, liwe na tundu la hewa kwenda nje: vali zikifunguka hutoa haidrojeni. Unaweza kuilaza ubavu, usiigeuze kichwa chini.

ZabibuHombolo

Asanteni sana, wakuu. Nimeshauriwa kontrola ya sola ya PWM (inayounganisha paneli na betri moja kwa moja kwa kuwasha na kukata haraka), ile ndogo yenye kioo na vitufe vitatu, inayoonyesha B1, B2, B3. Itafaa? Na lile la dukani bado.

Volti_Makole

PWM itafaa ikiwa paneli ni ya volti 12 kweli, yaani nyuma imeandikwa Vmp (volti za paneli ikitoa nguvu kamili) 18 au karibu na hapo. Utapata A 11. Paneli za nyumba zenye Vmp 30 na zaidi ukizifunga kwenye PWM, zaidi ya nusu ya nguvu inapotea. Kwa hizo lazima kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampia. Paneli ikiwa ya moto faida ya MPPT hupungua, lakini mimi ningeilipia, kwa sababu zinazouzwa vizuri zina kihisio cha joto na unaweza kuandika volti zako mwenyewe.

Kwenye vile vidogo, B1 kwa kawaida ni betri iliyofungwa, B2 jeli, B3 ya maji. Tumia B1, kisha thibitisha kwa mita kwenye vichwa vya betri, usiamini kioo. Angalia pia volti za kukata matumizi. Nyingi zinakuja zimewekwa 10.7, hiyo ni betri iliyokwisha kabisa. Pandisha hadi 12.0, na umeme urudi betri ikifika 12.8. Friji ifungwe kwa fyuzi yake moja kwa moja kutoka kwenye betri, na ulinzi wa friji wenyewe uweke kwenye kiwango cha juu.

Dukani nenda na mita. AGM mpya iliyopumzika isome 12.7 na zaidi. Ikiwa 12.5, imekaa muda mrefu, omba nyingine. Chini ya 12.4 usichukue hata kwa punguzo. Tafuta tarehe iliyogongwa kwenye plastiki au msimbo wa tarehe, umwombe muuzaji akufafanulie. Ipime kwa mizani: Ah 100 ya kweli ina kilo 28 hadi 32. Ya kilo 20 haina risasi ya kutosha.

NyukiManyoni

Na kabla ya kuzifunga garini, jaribu kila moja peke yake. Ijaze hadi mwisho, iache saa kadhaa. Funga balbu moja ya taa ya mbele ya W 55, inavuta karibu A 5, ambazo ndizo ampia za C20 kwa Ah 100. Iache ikiwaka kwa muda wa saa 10 kamili, zima, iache saa 2, pima. Nzima itasoma 12.2 au 12.3. Ikiwa chini ya 12.0, rudisha na risiti siku hiyohiyo. Zikipishana kwa zaidi ya 0.1, usizifunge pamoja.

Baadaye zikiwa kazini, ziguse kwa mkono chaji ikiwa hatua ya pili. Uvuguvugu ni kawaida. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake, ubavu umevimba au kuna harufu ya yai viza, kata chaji, fungua madirisha, itoe kwenye mstari. Seli moja imekufa, na iliyo salama itaharibika ikiendelea kuibeba.