Tupeane uzoefu: kompyuta zilipofika shule ya msingi kijijini kwenu, ikawaje baada ya picha za makabidhiano?

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wakuu, habari za mihangaiko. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Sikonge, Tabora. Wanafunzi 700 na ushee, walimu tisa nikiwemo mimi. Vijana waliosoma hapa zamani, sasa wako Dar, wamechanga na kununua laptop 20 za mtumba. Zinakuja na basi mwezi ujao. Kijijini wameshaanza kubishana kama siku hiyo achinjwe mbuzi mmoja au wawili.

Umeme wa REA tunao, ila umeishia jengo la ofisi. Madarasa bado. Mtandao unashika ukipanda kichuguu nyuma ya jiko la shule. Mtaalamu wetu wa TEHAMA ni mwalimu wa darasa la tatu, na utaalamu wenyewe ni kwamba kile kishikwambi alichogawiwa baada ya Sensa ya 2022 kikigoma, yeye anajua kukizindua.

Naomba niseme mapema: faida za teknolojia nazijua, semina nimekaa za kutosha. Ninachotaka ni mikasa. Utepe umeshakatwa, mgeni rasmi kaondoka na jogoo wake, halafu?


Mwana wa Kilosa

Mkuu, umenikumbusha kabati.

Shule ya ajira yangu ya kwanza ilikuwa na laptop 12. Nilizijua kwa kusoma leja, si kwa macho. Kila moja ina namba yake, na pembeni saini ya mwalimu mkuu aliyezipokea. Zenyewe zilikaa kwenye kabati la chuma ofisini, kufuli mbili, funguo mzee kazivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Siku nilipomwomba tuzitoe watoto wazione, alinijibu kwa upole kabisa: "Kijana, ikipotea moja, utalipa wewe?" Sikuwa na jibu. Alibakiza miaka mitatu astaafu na hakutaka mtu aguse mafao yake kwa sababu ya kompyuta. Msimcheke. Waliompa zile mashine walimpa na deni.

Alipostaafu akaja mama mmoja. Siku ya makabidhiano tukafungua. Panya kazaa ndani ya begi la chaja, waya kadhaa kageuza matandiko. Tukachomeka ya kwanza, ikawaka, saa yake ikasema leo ni tarehe 1 Januari 2009. Betri zote zilishakufa, maana betri ya laptop ukiitelekeza miaka bila chaji inajiishia yenyewe na haifufuki. Kati ya 12 ziliwaka saba, na hizo saba zikawa zinaishi kwa waya. TANESCO wakikata, zote puu. Tulifundisha hivyo hivyo.

Yule mama hakutoa hotuba. Aliitisha kamati ya shule, wakaandika kwenye muhtasari kwamba kifaa kikiharibika mikononi mwa mtoto wakati wa kipindi, hasara ni ya shule, si ya mwalimu. Ukurasa mmoja, mhuri, saini za wazazi. Wiki iliyofuata walimu walikuwa wanagombea zamu ya kuzitumia. Kwa hiyo mleta mada, kabla ya mbuzi, andikeni huo ukurasa.


Nipo Nasoma

Naweka kigoda hapa. Kahawa iko njiani.


Fundi Jua

Mimi huitwa mambo yakishaharibika, kwa hiyo nipunguzieni chumvi kidogo.

Kuna shule moja mkoa wa Singida waliniita nikawaone "kompyuta zenye pepo". Kumi za mezani, zile za kichogo, na wafadhili wamewafungia sola. Kila siku mwalimu akianza kipindi, hajafika katikati, chumba kizima kinazima. Wazazi walishaanza kusema eneo lile palikuwa na makaburi. Nikauliza betri ngapi. Moja. Ya ukubwa gani? Ampia 100.

Haya tupige hesabu pamoja. Betri ya volti 12, ampia 100, inabeba wati-saa 1,200. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu unaiua, kwa hiyo halali yako ni 600. Kompyuta ya kichogo pamoja na skrini yake inakula kama wati 150. Kumi ni 1,500. Gawanya. Hazifiki dakika 25, na hapo sijatoa kinachopotea kwenye inveta. Watoto wa pale walikuwa wanajua kompyuta inavyozimika kuliko inavyowaka. Pepo mwenyewe ndiyo huyo.

Laptop ni habari nyingine, wati 40 hivi. Kumi kwenye betri ile ile zinakupa saa moja na nusu.

Sasa wewe Chaki Nyeupe, na umeme wako wa ofisini: usinunue sola kwanza. Chaji ofisini, beba darasani. Laptop 20 zikichajiwa saa tatu ni kama yuniti mbili na nusu za LUKU, na siku mkikosa hela ya LUKU mtajua wenyewe pa kuipata. Zikifika, kila moja ijaze chaji, iache iwake mpaka izime, hesabu dakika, uandike kwa makapeni kwenye plasta chini yake. Za mtumba hazifanani. Utakuta moja inakaa saa mbili na jirani yake dakika kumi na moja. Ile ya dakika kumi na moja ibaki ofisini kwenye soketi, mwalimu aandalie mitihani.

Halafu vumbi. Kama sakafu ni ya udongo, mwagieni maji kidogo kabla ya kufagia, na msifagie laptop zikiwa zimewashwa. Feni yake inavuta kila kitu.


Mwalimu wa Kitui

Hamjambo kutoka Kenya. Kwetu vipakatalishi vilianza kama ahadi ya kampeni ya 2013, kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza angepata chake. Zabuni ya kwanza ikafutwa. Wale watoto wakapanda darasa baada ya darasa wakisubiri, na usambazaji ulipoanza 2016, mikononi mwa watoto zikaja tabuleti. Nisiwe mchoyo wa shukrani: kwa ajili ya mpango huo shule nyingi za mashinani ziliunganishiwa stima kwanza. Shuleni kwetu taa ilitangulia, na darasa la nane wakaanza kusoma usiku kabla hatujaona kifaa hata kimoja.

Wazazi walichanga tukaweka vyuma madirishani, tukaajiri bawabu. Mafunzo ya walimu yalikuwa siku chache, tukarudi na daftari zimejaa na vichwa vimechanganyikiwa.

Lakini nitawapa moja iliyonifaa. Nilikuwa na watoto wengi kuliko tabuleti, watatu kwa moja. Yule wa katikati ndiye mwenye mkono, wawili wa pembeni wanapiga kelele "bonyeza hapo! si hapo!" na mmoja analia kwamba hajagusa tangu Jumatatu. Nikaokota vizibo vya soda dukani. Kila kikundi kizibo kimoja. Mwenye kizibo mkononi ndiye anayegusa, akimaliza zoezi anakipitisha kulia. Kilio kiliisha siku hiyo. Na nikagundua wale wa pembeni walikuwa wanajifunza vizuri tu, kwa sababu ili umwamrishe mwenzako abonyeze wapi lazima uwe umesoma.


Madawati Kwanza

Samahani nitawaudhi. Shule yenye watoto 700 na walimu tisa inahitaji laptop au inahitaji vyoo? Watoto wanakaa chini, sisi tunapiga hesabu za inveta.


Mtoto wa Ubaoni

@Madawati Kwanza, hoja yako ni ya kweli na mimi nilikaa chini mpaka darasa la nne. Ila sikiliza.

Tulikuwa na kipindi cha TEHAMA kwenye ratiba, kitabu kilikuwepo, kompyuta hapana. Mwalimu wetu alichora kibodi ubaoni, herufi zote, akatuagiza tukate maboksi ya sabuni tuchore za kwetu. Tukawa tunaweka boksi juu ya mapaja na kugonga: A, S, D, F. Mwalimu anapita na fimbo, "kidole kidogo kiko wapi?" Swali la mtihani: taja sehemu nne za kompyuta. Nilipata zote nne. Kipanya nilikijua kwa picha, nikaamini kina miguu chini yake.

Mwaka 2018 picha za yule mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, aliyechora ukurasa mzima wa Word ubaoni kwa chaki za rangi, zilipozunguka dunia nzima, watu walishangaa. Mimi nilimkumbuka wa kwetu tu, ambaye hakuna aliyempiga picha.

Nilikutana na kompyuta ya kweli baada ya kidato cha nne, kwenye steshenari ya mitihani na kadi za harusi pale stendi, nilikokwenda kuomba kazi ya kutoa fotokopi. Mwenye duka akasema andika jina lako. Vidole vyangu vikaenda vyenyewe, mpaka kile kidogo. Akaniuliza nimesoma chuo gani. Nikakipindua kipanya chake kuangalia miguu.

Kwa hiyo choo kijengwe, dawati lije, na hizo laptop zisirudishwe Dar.


Mtanga Asilia

Hapo kwenye watoto na mashine nina langu. Kati ya 2017 na 2019 mkoa wetu wa Tanga ulikuwa na shindano la Global Learning XPRIZE, vijiji kama 170. Watoto karibu 3,000 walipewa tabuleti za Google zenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Hawakuwa wanapelekwa darasani nazo. Watatu kati ya wanne walisema hawajawahi kukanyaga shule. Kijijini kinawekwa kituo cha sola cha kuchajia na mama mmoja wa kukiangalia, basi.

Kwetu mama huyo alikuwa shangazi yangu, na yeye mwenyewe herufi hazijui vizuri. Jioni watoto wanazileta kuchaji, anazipanga kama vitumbua. Mwanzoni walizitumia kujipiga picha. Baada ya muda nikamsikia mtoto wa jirani anamsomea mbuzi. Kweli kabisa, kamkalisha mbuzi, anamsomea hadithi ya kwenye tabuleti kwa kidole.

Waandaaji walipima: mwanzoni zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ikapungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, wakagawana ushindi. Ninachokiona mimi ni ile lugha. Mashine iliongea nao kama shangazi anavyoongea. Mleta mada, kabla ya kupanda kichuguu kutafuta mtandao, waambie vijana wa Dar wajaze humo vitu vya Kiswahili kabisa kabla hazijapanda basi.


Jirani wa Rusumo

Niongeze kwa ufupi, mimi ni Mnyarwanda, Kiswahili changu ni cha Ngara. Sisi tulipata zile laptop ndogo za kijani na nyeupe zenye masikio mawili, za One Laptop per Child, nchi nzima zaidi ya 200,000. Zilikuwa imara, na skrini yake unaisoma hata juani. Lakini zilikuja miaka ile ile tuliyohamia kufundishia Kiingereza, kwa hiyo mwalimu alikuwa anajifunza lugha mpya na mashine mpya kwa mpigo. Wenzangu wawili hawakuzigusa kabisa, kwa aibu ya kupitwa na watoto. Mimi nilimkabidhi mtoto mmoja wa darasa la sita anifundishe wakati wa mapumziko. Nilimlipa kwa ndizi.


Fundi Jua

@Jirani wa Rusumo ndizi ngapi kwa saa? Nataka kupandisha bei zangu.


Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wakuu, nimesoma yote, mengine nimemsomea mwenyekiti wa kamati kwa sauti. Ya kabati imemkaa vibaya kwa sababu kabati tulishanunua, na kufuli mbili.

Tumekubaliana hivi. Muhtasari wa Mwana wa Kilosa tunauandika Jumamosi, kabla basi halijafika. Funguo zitakuwa kwa mwalimu wa zamu pamoja na mmoja wa viranja wakuu, siyo mimi. Vijana wa Dar nimewapigia, wanajaza vitabu na Wikipedia ya Kiswahili isiyohitaji mtandao, na mmoja amekubali kuja kukaa nasi wiki mbili badala ya kutuma fulana. Vizibo nimeshaokota 30. Vyoo, @Madawati Kwanza, tunachimba matundu mawili Agosti. Mbuzi wa pili ameuzwa kwa ajili hiyo na kuna watu hawajanisamehe.

Fundi, swali moja la mwisho. Mwenye basi ni mwenyeji wetu, anasema ana betri nne za basi kazitoa, ziko nzima, anatupa kwa ajili ya madarasani.


Fundi Jua

Hazifai, mkuu. Betri ya gari kazi yake ni kutoa moto mkali sekunde chache za kupiga stata, kisha altaneta inaijaza. Ukiinyonya taratibu mpaka chini kila siku, haimalizi mwaka.


Chaki Nyeupe (mleta mada)

Anatoa bure lakini.


Fundi Jua

Hata bure.


Chaki Nyeupe (mleta mada)

Ameshazipakia.