Mjadala: Kabati la vitabu saloni, lifungwe au vitabu vitoke?

Mleta mada, mtaa wa Himbi: Nyumba nyingi za watu waliosoma hapa Goma zina kabati la vioo saloni. Vitabu vimepangwa vizuri, ufunguo uko mfukoni mwa papa, mgeni anaambulia kusoma migongo tu. Mimi nauita uchoyo. Mtoto wa jirani anasomea silabusi ya fotokopi iliyofifia, na kitabu chenyewe kiko ng'ambo ya ukuta. Tena mji huu si wa kufungia mali mahali pamoja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipasua mji katikati hadi ziwani; vitabu vilivyokuwa katika nyumba zilizofunikwa viliisha pamoja na makabati yake. Kilichopona ni kile kilichokuwa kimeazimwa na mtu wa mtaa mwingine.

Mama, Katindo: Ndugu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuazimisha. Kitabu kinakwenda kwa binamu, binamu anampa mchumba, mchumba anahamia Bukavu. Ukikidai, wewe ndiye mgomvi. Halafu si vitabu vyote vina bei. Mei 2021, volkano ilipolipuka tena na gavana akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame, tulishika njia ya Sake, watoto mgongoni, magodoro kichwani. Mimi nilitia begini kamusi ya Kifaransa ya marehemu baba. Imejaa penseli yake: maneno aliyopigia mstari akiwa sekondari, hesabu ya deni la chumvi, jina langu na siku niliyozaliwa. Hiyo nimwazimishe nani? Wanaosema kabati ni maringo tu hawajafungua vitabu vya wazazi wao.

Mwanafunzi, Ndosho: Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu.

Mama, Katindo: Umeme ukikatika siku mbili tutaonana, mtoto wangu.

Mleta mada, Himbi: Kamusi ya mzee ibaki, mama, hata mimi nisingeigusa. Ila vyote vya humo vina penseli ya marehemu? Vile vya sheria na uchumi ambavyo hakuna anayevifungua tena, vinamngoja nani? Weka daftari: jina, namba ya simu, tarehe ya kurudisha. Anayechelewa haazimi tena.

Mama, Katindo: Vya uchumi njoo uchukue Jumamosi. Daftari ulete wewe, na vya mume wangu usiniulize mimi.