Friis, logi ya umbali au miale miwili: nifuate namba ya nani?

ZabibuHombolo: Wakuu, habari za jioni. Napanga vihisi vya unyevu wa udongo kwenye shamba la zabibu Hombolo, naanza na simulesheni ya ns-3 (programu ya kuigiza mitandao). Masafa 2.4 GHz, kurusha 20 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikizidi kuwa hasi, mawimbi ni dhaifu zaidi), antena za 0 dBi (zisizoongeza nguvu), umbali mita 500. Kanuni ya Friis (njia isiyo na kizuizi) inasema napokea -74 dBm, ile ya logi ya umbali yenye kipeo 3 (kipeo kikubwa, mawimbi yanafifia haraka zaidi) inasema -108. Dunia mbili tofauti! Nifuate ipi?

FundiMnara: Kwanza hiyo -108. Kwenye Friis umejaza masafa, lakini logi ya umbali haina pa kuyajaza. Inakuja na upotevu wa dB 46.68 kwa mita ya kwanza, ambao ni wa 5.15 GHz. Kwa 2.4 GHz weka 40.

ZabibuHombolo: Imekuwa -101. Asante sana mkuu. Pengo bado ni kubwa lakini.

Dada_Ihumwa: Kipeo hicho. Umbali ukiongezeka maradufu, Friis inapoteza dB 6, kipeo 3 kinapoteza 9. Kipeo 3 ningekitumia katikati ya majengo ya Mtumba, siyo shamba tambarare. Antena ziko juu kiasi gani?

ZabibuHombolo: Ya kituo mita 6, kwenye mnara wa tangi la maji. Vihisi nusu mita toka ardhini.

Dada_Ihumwa: Basi miale miwili: mmoja unakuja moja kwa moja, mwingine unadunda ardhini. Kwa vimo hivyo inaachana na Friis kwenye mita 300 hivi, na kuanzia hapo kila maradufu ni dB 12. Utapata kama -78. Masafa yabadilishe na huko, nako kumewekwa 5.15.

MzeeBahi: Nakubali, isipokuwa jambo moja, dada yangu: miale miwili haiyaoni majani, na vihisi viko chini ya mizabibu. Mimi narudi kwenye logi ya umbali, ila kipeo kitoke shambani. Kijana, chukua ruta mbili, pima mita 50, 100 na 200 majani yakiwa yamejaa, kisha rudia ikishapogolewa.

FundiMnara: Na namba yoyote utakayopata, ilinganishe na kelele (mawimbi ya ovyo yanayofunika ishara). Chaneli ya MHz 20 ina kelele ya -101 dBm, ongeza dB 7 za kelele ya kipokezi chenyewe, unapata -94. Kwa hiyo -78 inakuachia dB 16: data za vihisi zitapita, kasi za juu sahau. Ile -101 ya kipeo 3 imezama chini ya kelele.

ZabibuHombolo: Nimeelewa. Jumamosi naenda kupima, majani yapo. Nitaweka namba hapa.